Mjadala: Tutie urea malisho ya asili ya Kitulo, au tuyaache?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili kabla halijapitishwa. Huku kwetu Makete, nje ya mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, bado yapo malisho ya kijiji yenye majani mafupi na maua, yaleyale yaliyoipa Kitulo jina la Bustani ya Mungu. Kikao cha wafugaji kimetoka na wazo la kununua mbolea ya urea na kuimwaga humo mvua zikianza, ili majani yazidi na maziwa yaongezeke. Mbolea ina ruzuku tangu msimu wa 2022/23, kwa hiyo wengi wanaona wakati ni huu. Mimi napinga.

Nianze na lisilobishika: majani yataota. Kwenye mwinuko wa mita 2,600 baridi inachelewesha kuoza kwa mabaki ya mimea, na naitrojeni, chakula kikuu cha majani, inabaki imefungwa ndani ya ule udongo mweusi. Udongo wenyewe asili yake ni majivu ya volkano, na udongo wa aina hiyo huing'ang'ania fosforasi, chakula kingine cha mimea, hata mizizi ikaambulia kidogo. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Ukiumwaga kwenye malisho ambayo hayajawahi kuonja kitu zaidi ya kinyesi cha ng'ombe, wiki chache tu utaona tofauti.

Ninachouliza ni majani gani yataota. Kuna zizi la zamani napita kando yake kila nikienda shambani. Lilihamishwa nikiwa shule ya msingi. Pale lilipokuwa, hadi leo majani yanafika magotini, kijani kilichokolea, aina mbili tatu basi, na mimea inayowasha imezunguka pembeni. Ukitoka hatua tano nje, majani hayazidi kifundo cha mguu. Januari nilipiga magoti hapo nikahesabu kwenye eneo la mkeka mmoja. Nilifika aina 19, zikiwemo aina mbili za maua ya okidi ya njano na klova, mmea mdogo wa jamii ya kunde, unaotambaa chini ya kila kitu. Nilihesabu na ndani ya zizi. Nne.

Kinachofanya hivyo ni mwanga. Udongo ukiwa na njaa, hakuna mmea unaoweza kurefuka ukawafunika wenzake. Ukiulisha, majani marefu yanapanda haraka, na vile vifupi vinabaki gizani hadi vinakufa. Mwaka 2009 watafiti wa Zurich walitoa matokeo ya jaribio ambalo walitia mbolea kisha wakaweka taa chini, katikati ya majani. Palipokuwa na taa, aina hazikupotea.

Uingereza, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, kuna uwanja wa majani unaotiwa mbolea kwa majaribio tangu 1856. Vipande visivyopewa kitu vina aina karibu 40. Vilivyopewa naitrojeni ya amonia mwaka hadi mwaka bila chokaa, udongo uligeuka mchachu, na zimebaki aina mbili au tatu. Huko ni bondeni. Kilichoninyima usingizi ni cha mlimani: Schynige Platte, Uswisi, karibu mita 2,000. Mtafiti Werner Lüdi alitia chokaa na mbolea kwenye vipande vidogo miaka ya 1930, kisha vikaachwa. Walipokuja kupima takriban miaka 70 baadaye, vipande vya chokaa bado vilijulikana kwa mimea yake, hata kwa viumbe wadogo wa udongoni. Udongo wa baridi hausahau. Tukikosea, watakaoishi na kosa hilo ni wajukuu.

MfugajiWaBaridi

Mwanangu, nimesoma yote, na hesabu yako ya mkeka nimeipenda. Sasa na wewe nisikilize. Nina ng'ombe watatu wa maziwa. Julai umande unaganda juu ya majani, asubuhi ukikanyaga yanavunjika kama chapati kavu. Maziwa yanashuka, na ada ya shule haishuki. Maua hayakamuliwi.

Halafu tusemezane ukweli kuhusu okidi. Zimechimbwa na watu kwa magunia, mizizi yake ikavushwa Zambia kutengenezwa chikanda, chakula cha huko. Nimewaona na majembe yao. Mbolea haikuwepo. Leo mfugaji ndiye abebe lawama?

Na hilo la mwanga, kazi ya ng'ombe ni nini? Majani yakirefuka, anakula, mwanga unarudi chini. Tutie urea, tuongeze mifugo, hayo maua yako yatapona.

KijanaWaMatamba

Naunga mkono mama. Wataalamu wakija huku wanapiga picha za maua na kuondoka. Hakuna aliyewahi kuuliza tunakula nini.

ShambaDarasa

Wakuu, nimefanya kazi ya ugani miaka mingi, naongeza moja tu. Mnazungumzia mbolea kama kitu kimoja. Urea inabeba majani marefu na kuua klova, kwa sababu klova inajitengenezea naitrojeni yake, na ukiwapa wote bure, faida yake inaisha. Fosforasi inafanya kinyume, inaiinua klova. Kwa udongo mchachu kama huo wa Makete, mbolea ya fosforasi ya Minjingu inayeyuka taratibu na inafaa. Lakini hata hiyo mimi nisingeimwaga kwenye malisho ya asili. Ningeitia kwenye shamba lililopandwa.

Mleta mada

Shikamoo mama. La chikanda una haki, na nilipaswa kulisema mimi mwenyewe. Waliochimba wamefanya uharibifu mkubwa, na mfugaji hakuwa mmoja wao. Ila kwa kuwa zimebaki chache, ndiyo maana naziogopea. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba yoyote ya chakula. Haioti mpaka ikutane na kuvu wake udongoni. Ukibadilisha udongo, hata ukizuia majembe yote, huenda mbegu zikaanguka mahali pasipo na wa kuzipokea.

La ng'ombe nalo lina ukweli mwingi kuliko nilivyotaka kukubali. Mwaka 2014 yalitoka matokeo ya majaribio katika nyanda za majani 40 za mabara sita: wanyama wala majani walipofanikiwa kurudisha mwanga chini, aina za mimea ziliongezeka, hata palipotiwa mbolea. Lakini neno ni hilo, walipofanikiwa. Januari huku mvua haikatiki. Hata leo bila urea, ng'ombe wa kijiji chote hawamalizi majani ya Januari. Ukiyaongeza maradufu, nani atayala?

Na hapo ndipo naomba tutulie, mama, maana shida uliyoitaja ni ya Julai. Urea inayomwagwa Novemba inaotesha majani ya Desemba hadi Machi, wakati ambao hatuna njaa ya malisho. Ikifika Juni, baridi inasimamisha kila kitu, kilichotiwa mbolea na kisichotiwa. Yale majani marefu yatakuwa yamekomaa, magumu, hayana utamu, na barafu itayavunja vilevile. Tutakuwa tumelipa pesa kwa ajili ya miezi ya shibe. Urea nyingine mvua itaisukuma mtoni, na maji ya huku yanaingia mto Ruaha Mkuu.

Ng'ombe wa Julai analishwa na kilichokatwa kikahifadhiwa kabla ya barafu. Na mahali pa kukiotesha tunapo. Kila mmoja wetu analima viazi mviringo, na viazi tunavitia mbolea za DAP au NPK, zenye fosforasi, kwa mkono mzito. Viazi havimalizi yote, fosforasi kubwa inabaki pale shambani. Baada ya kuvuna tunaliacha lijae magugu. Tupande humo shayiri na klova, tukate Mei kukiwa na jua, tukaushe, tupandishe darini. Mbolea tumeshalipia, udongo ule tumeshaubadilisha zamani, hakuna okidi ya kuumia. Kama bado kuna pesa ya mifuko, iende huko huko, kwenye ardhi iliyokwisha kulimwa. Malisho ya juu tuyalishe kama siku zote, bila kuyatia kitu.

Kikao kisiponisikia, naomba kimoja tu: tuwekee vigingi vipande viwili vya malisho, hatua kumi kwa kumi, kimoja kipewe urea. Tuhesabu wote pamoja kabla mfuko wa kwanza haujafunguliwa, turudie mwaka ujao na ule unaofuata.

KijanaWaMatamba

Na darini pakiwa na panya?

MfugajiWaBaridi

Panya tutamtafutia paka. Mwanangu, marahaba. Hilo la Julai ungelitanguliza, tungeshaelewana juzi kwenye kikao. Sijasema nimeiacha urea. Vile vipande viwili navitaka, na kimoja kiwe karibu na njia ya ng'ombe wangu nikione kila siku. Ila shamba langu la juu viazi vinatoka Februari, na kweli linakaa bure hadi Oktoba. Shayiri ninayo debe moja. Klova ndiyo sina. Nani ana mbegu, na anauza bei gani kilo?