Waandaaji wa onyesho la filamu ya King Crimson hapa Mombasa waturudishie pesa zetu au waionyeshe upya

Wanajukwaa, ninafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Jumamosi iliyopita, ukumbi mmoja wa hapa mjini, ambao sitautaja jina ili waandaaji wapate kwanza nafasi ya kujibu, ulituuzia tiketi za shilingi 800 kila mmoja ili tutazame filamu ya Toby Amies kuhusu bendi ya Uingereza ya King Crimson. Tulichopewa ni vipande vya filamu hiyo, vikisikika kwa spika moja, na vikakatizwa kabla ya mwisho ili ukumbi upishe mechi ya mpira.

Nianze na spika, kwa maana waliouliza habari zake palepale walijibiwa kana kwamba wanadai anasa. Bendi hii iliporejea jukwaani mwaka 2014 ilikuwa na wapiga ngoma watatu, Pat Mastelotto, Bill Rieflin na Gavin Harrison, nao waliketi mbele kabisa, huku magitaa na saksafoni vikipandishwa nyuma yao. Mpangilio huo haukuwa wa mapambo. Mdundo mmoja hugawanywa kati yao, huyu akauanzisha, yule akaudaka, wa tatu akaufunga, na msikilizaji hufuata safari hiyo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Katika ukumbi ule spika ya kulia ilikuwa imefunikwa kitambaa cha meza kwa sababu haikuwa na waya. Tuliwaona wanaume watatu wakipiga, tukasikia kishindo kimoja kisicho na mwenyewe.

Lililoniuma zaidi, hata hivyo, ni lile la ukimya. Robert Fripp ndiye mtu pekee aliyekuwamo katika kila kikosi cha bendi hii tangu mwaka 1969, na katika filamu anaonekana mkali, mwenye maneno mengi, akibishana hata na mwongozaji anayemhoji. Kisha inafika mahali anaguswa na kumbukumbu ya mwalimu wake, naye ananyamaza. Kamera haimwachi. Anakaa kimya muda mrefu, machozi yakimlengalenga, na mtazamaji analazimika kukaa naye katika ukimya huo. Kwangu mimi, hapo ndipo penye uzito kuliko pengine pote katika filamu hii. Kijana aliyekuwa akisimamia kompyuta alisema kwa sauti, “Imekwama, wacha niiruke,” akaisogeza mbele, na watu walipopiga kelele airudishe, alisema hajui ilikuwa imefika wapi.

Simlaumu kijana yule. Ninawalaumu waliomweka pale bila kumwambia anaonyesha nini. Ukimya na utulivu ni sehemu ya kazi ya bendi hii tangu siku zake za mwanzo. Albamu yao ya kwanza, iliyotoka Oktoba 1969, ina wimbo ambao kwa dakika nyingi vyombo vinanong’onezana tu, na katika mojawapo ya albamu zao za mwaka 1974 kuna mahali gitaa linashikilia noti moja, linapanda polepole juu ya besi na ngoma mpaka subira ya msikilizaji inakaribia kukatika. Asiyeweza kustahimili hayo aonyeshe filamu za mapigano, wala hakuna atakayemlaumu. Sisi tumekulia katika mji wa taarab. Ni nani hapa Mombasa angethubutu kumkatiza marehemu Juma Bhalo katikati ya ubeti kwa kuwa fidla zimetulia?

Tangazo lilisema saa kumi na moja jioni. Filamu yenyewe haifiki saa moja na nusu, kwa hiyo ingeanza kwa wakati wake ingemalizika kabla ya saa moja, na mechi isingeguswa. Ilianza saa kumi na mbili na nusu, bila neno la samahani, na ilipotimia saa moja na nusu skrini ikabadilishwa tukiwa bado tumeketi. Mpira nami ninaupenda. Nisichokubali ni kuuziwa kitu kizima nikakabidhiwa nusu, kisha nikaambiwa mlangoni, “Si mmeona sehemu kubwa?” Kuna mzee aliyetoka Mtwapa na binti yake anayejifunza kupiga ngoma, na kuna waliopanga foleni ya feri kutoka Likoni. Wao pia waliambiwa hivyohivyo.

Na hii si filamu ya kukatwakatwa. Rieflin alikuwa mgonjwa wa saratani aliporekodiwa, na anaeleza wazi kwa nini aliamua kuutumia muda uliomsalia katika muziki huu ijapokuwa safari zilimchosha mwili. Alifariki Machi 2020. Ian McDonald, mmoja wa waanzilishi, aliyejitoa baada ya ziara yao ya Marekani mwishoni mwa 1969, anazungumza kwa majuto juu ya uamuzi huo baada ya nusu karne, naye alifariki Februari 2022, wiki chache tu kabla ya filamu kuonyeshwa kwa mara ya kwanza. Watu hawa hawawezi kuhojiwa tena.

Waandaaji wana namba zetu zote, kwani tulilipa kwa M-Pesa. Watuchagulie moja: warudishe shilingi 800 kwa kila aliyelipa, au waionyeshe filamu upya bila malipo, kuanzia mwanzo hadi mwisho, spika zote mbili zikiwa zimeunganishwa na kujaribiwa kabla milango haijafunguliwa, na siku isiyo na mechi. Ujumbe nimewatumia Jumapili na Jumatatu, umesomwa, haujajibiwa. Mliokuwapo, tafadhali andikeni hapa chini kama ninyi mmejibiwa lolote, na kama yupo aliyehifadhi lile tangazo lenye saa ya kuanza aliweke hapa, kwa sababu kwenye ukurasa wao limekwisha kufutwa.