Naomba ushauri: harambee ya maabara bila kuwaaibisha wazazi wasio nacho

MamaWaGredi7
Hamjambo wenzangu. Mimi ni mweka hazina wa chama cha wazazi, shule ya msingi ya umma huku mashinani, Kenya. Tangu Gredi 7, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari ya chini, iletwe katika shule za msingi mwaka 2023, watoto wetu husoma sayansi kwa chaki na ubao tu. Maabara hakuna. Tumekubaliana kuchanga, na siku hiyo shule iwe wazi kwa kijiji kizima: watoto waonyeshe kazi zao za mikono na kukariri mashairi, akina mama wauze vyakula, kisha mnada wa kuku na mikungu ya ndizi.

Tumekwama hapa: baadhi ya wajumbe wanataka kila mzazi apangiwe kiasi, majina yasomwe kwa kipaza sauti, na asiyemaliza mtoto wake arudishwe nyumbani. Wengine wanataka tumwite mheshimiwa aje na bahasha, yaishe. Mimi siafiki yote mawili. Tuna akina nyanya wanaolea wajukuu mayatima. Kuwasimamisha mbele ya watu kwa noti wasiyo nayo ni kuwadhalilisha. Lakini bila kusukumana, pesa zitatoka kweli?

MwalimuMstaafu
Dada, hilo la kumrudisha mtoto lizime kwanza. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinasema shule ya umma haitozi karo ya masomo. Ada nyingine yoyote inahitaji idhini ya Waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na hata ikiidhinishwa, mtoto hazuiwi kuingia shuleni eti haijalipwa. Kiasi cha lazima mkikiita mchango, bado ni ada.

Nilifundisha shule ya harambee miaka ya sabini. Mzee Kenyatta alikuwa ameifanya harambee wito wa taifa tangu uhuru wa 1963, na enzi zetu shule za sekondari zilizojengwa na wananchi zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Zilijengwa na watu maskini kuliko sisi! Walifaulu kwa sababu mchango haukuwa pesa peke yake. Mwenye ng'ombe alileta mkokoteni, vijana walivunja mawe, wanawake walichota maji ya kuchanganyia saruji, fundi alikubali nusu ya ujira. Katibu aliyaandika yote kwenye daftari moja, na mzigo wa mchanga ulitangazwa kwa sauti ileile ya shilingi. Nyanya wako akija na debe la kokoto, naye jina lake liandikwe.

FundiMawe
Nakubaliana na mwalimu, ila tenganisheni. Mawe, mchanga, kokoto na nguvu za kuchimba msingi vitatoka kwa wananchi. Saruji, nondo, mabati, sinki na mabomba ni vya dukani, hapo ndipo pesa za mnada ziende. Na bomba la gesi asiliguse mtu wa kujitolea, mlipeni fundi anayejua. Anzeni na ramani kutoka ofisi ya ujenzi, ili orodha ya mahitaji iwe ya kweli.

Karani_wa_Kijiji
Kuhusu mheshimiwa: sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya 2003 ilikataza afisa kugeuza ofisi yake kuwa mahali pa kukusanyia harambee, au kutumia cheo kuwashinikiza watu. Julai 2024 Rais Ruto naye akatangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki michango hiyo. Mkitaka msaada wa eneo bunge, bodi ya shule iiandikie barua kamati ya NG-CDF, ule mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge. Hizo ni pesa za umma, wala hamhitaji kumpigia mtu makofi ili mzipate. Mwalimu mkuu naye asisambaze kadi za mchango. Kadi zitoke kwa wazazi.

Pesa zisipitie simu ya mtu mmoja. Ziingie akaunti ya shule kwa Paybill, ile namba ya kulipia kwa M-Pesa, kila mtu apate risiti, na jumla ibandikwe ubaoni.

Mtoaji_Mkubwa
Mimi napinga kidogo. Watu hutoa zaidi wakitajwa. Mkificha majina, mtavuna sarafu.

MwalimuMstaafu
Ndugu yangu, anayetaka kutajwa atajwe, hakuna ubaya. Kosa ni kumtaja asiyetoa. Halafu jaribuni kusoma michango kwa vikundi: kwaya, msikiti, chama cha akina mama, waendesha bodaboda, wanafunzi wa zamani. Bodaboda wakisikia kwaya imewapita, watarudi mfukoni wenyewe, na ndani ya kikundi hakuna anayejua nani alitoa hamsini.

MamaWaGredi7
Asanteni sana. La vikundi nalipeleka kwenye kikao, na daftari la michango ya vitu nitalianzisha mwenyewe. Mwalimu, nitachapisha kifungu hicho cha 29, mwenyekiti akisome kwa macho yake. Je, tarehe tuweke lini?

FundiMawe
Epukeni Machi na Aprili. Mvua za masika watu wako shambani, na lori la mchanga halipandi huko kwenu. Wekeni Julai, kabla shule hazijafungwa, watoto wakiwepo.