Mrejesho: lori lililokuwa likizima tangi likifika robo

Wakuu, lile lori langu la zamani la dizeli lililokuwa likizima kila mafuta yakishuka hadi robo, sasa limepona. Aliyeshauri niunge kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu ya mafuta, Mungu ambariki: mapovu ya hewa yalionekana waziwazi! Nikashusha tangi, nikachomoa bomba la kunyonyea. Lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, usawa uleule wa robo. Mafuta yakishuka chini yake, linavuta hewa. Chujio la mwisho wa chini wa bomba hilo nalo lilizibwa na utando mweusi unaoteleza kama kamasi. Nimeweka bomba jipya, nimeosha tangi, nimebadilisha filta na kutoa upepo kwenye njia ya mafuta kwa hendipampu (pampu ndogo ya mkono). Kumbe pampu ya mafuta niliyotaka kuinunulia mbadala ilikuwa nzima kabisa.