Eti swali langu ni la MWAKA WA KWANZA!! Huyu mzee katoka chuoni anataka jimbo

Wakuu natetemeka hapa mpaka herufi zinarukaruka. Mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule mkuu wa chuo chetu aliyevua joho jioni asubuhi kaamka na skafu ya chama. Nimetoka mkutanoni kwake sasa hivi. Nimesimama kwa adabu zote, shikamoo profesa, nikauliza kitu kimoja tu, ile hela ya maktaba tuliyokatwa kila muhula miaka minne iko wapi, maana maktaba tuliiacha msingi na saa hizi ni pori mtu anaweza kufuga nyani humo. Mzee akavua miwani, akaifuta taratibu kwa ile skafu, hata kuniangalia hakuniangalia, akasema "hilo swali la mwaka wa kwanza, kaa chini." KAA CHINI! Uwanja mzima ukaangua kicheko, mpaka mama niliyempisha kiti naye anacheka!

Mimi nina miaka 34, nina watoto wawili, naambiwa mwaka wa kwanza! Chuoni ukienda ofisini kwake ni njoo kesho, njoo kesho, mpaka kesho zenyewe zikazeeka, leo anaomba kura bado ananiona kama nimechelewa kipindi. Na anavyoifuta ile miwani sasa, taratiiibu, kama anasahihisha mtihani wangu. Sera zake sikuzisikia, masikio yaliziba pale pale kwenye kaa chini. Kura yangu haioni.

Kalamu Nyekundu: Na wewe ukakaa kweli?

Mleta uzi: Kipaza sauti walishanipokonya ningefanyaje!!

Mzee wa Tarehe: Hayo yapo zamani mkuu. Marekani kulikuwa na Hayakawa, kaimu mkuu wa chuo cha San Francisco State. Desemba 1968 wanafunzi wamegoma, akapanda mwenyewe juu ya gari lao la matangazo akang'oa nyaya za spika. Watu wakampenda kwa hilo hilo, 1976 wakamchagua seneta wa California. Huyo wako leo kaongeza kura kupitia wewe.

Nusu Muhula: Na Woodrow Wilson wa huko huko Marekani? Kaongoza chuo cha Princeton 1902 mpaka 1910, kashindwa hadi ugomvi wa wapi lijengwe jengo la uzamili, akakimbilia siasa, gavana wa New Jersey, 1913 huyo Ikulu. Majengo ndio huwa yanawatoa vyuoni hawa.

Mleta uzi: Wilson alimwambia mtu kaa chini mbele ya watu???

Tasnifu Imeniua: Afadhali wenu aliondoka mikono mitupu. Msimamizi wangu kagombea udiwani akaondoka na sura yangu ya tatu ya tasnifu, kura kakosa, sura hajarudisha, mwaka wa pili huu.

Kalamu Nyekundu: Wangu alirudisha kurasa zote kaandika "rekebisha" basi, nini nirekebishe hasemi.

Dada wa Uzamili: Wangu hata siasa hayumo na simu hapokei. Nimemvizia kwenye maegesho kama mdai, akaniambia nitumie tena, nimetuma mara sita!

Mleta uzi: Jamani na hela ya maktaba???

Nusu Muhula: Kaa chini mkuu. We wa sura ya tatu njoo inboksi, nina sampuli.