Tupeane uzoefu: sensa ya dirisha inayopiga "tampa" bila kuguswa

Mlinzi_Casuarina
Wadau, hamjambo. Humu najua wamo watunza nyumba wengi, Malindi na Lamu. Ninayoitunza ina king'ora cha wezi chenye sensa za madirisha zisizo na waya, na moja ya chumba kinachotazama bahari imeng'ang'ania ujumbe wa tampa, yaani eti sensa yenyewe imechezewa. Dirisha limefungwa, betri mpya, sumaku iko karibu kabisa. Nikifuta, unarudi. Tajiri yuko Ulaya, na kila ujumbe ukimfikia kwenye simu ananipigia mimi, hata usiku wa manane. Aliyepambana na hili alete kisa chake.

Fundi_Mtangani
Ndugu yangu, sumaku iache. Sumaku na ile swichi yake ndani kazi yake ni kujua dirisha limefunguliwa au la. Tampa ni njia nyingine: springi au kitufe kidogo kinachobanwa na mfuniko, na sensa nyingine zina cha pili nyuma kinachobanwa na ukuta. Kikiachia, sensa inahesabu kuwa imefunguliwa au imeng'olewa, na inaripoti saa 24 hata ulinzi ukiwa umezimwa. Hapa kwetu adui ni chumvi. Nyumba za ufukweni nakuta springi imeshika kutu, haina tena nguvu ya kurudi, au mguso wa umeme umeota ukijani.

Jaribu hivi: weka paneli, kile kisanduku kikuu cha king'ora, kwenye hali ya majaribio kwanza, usije ukaamsha mtaa kwa king'ora. Halafu bana mfuniko kwa kidole gumba, mwenzio aangalie paneli. Ujumbe ukiondoka, shida ni mfuniko au springi. Usipoondoka, usimlaumu fundi upesi: paneli nyingi huhifadhi tampa mpaka uifute kwa namba ya siri, na nyingine hudai ile ya fundi aliyeifunga.

BintiShela
Shela ya Lamu, si ile Shella yenu ya Malindi 😀 Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa, ukuta haujanyooka hata kidogo. Fundi alikaza skrubu mpaka kitako cha sensa kikapinda, kile kitufe cha nyuma kikawa hakigusi kitu. Mchana kimya, usiku upepo wa Kusi ukitikisa dirisha, kelele. Seremala alichonga kibao chembamba kikawekwa chini ya kitako, basi.

MzeeWaKaskazi
Yangu ilikuwa selotepu ya pande mbili. Joto la Kaskazi liliilegeza, sensa ikawa inaning'inia upande mmoja. Nilipangusa mahali pake kwa spiriti, nikaacha pakauke, nikabandika mpya.

Kijana_wa_Langoni
Mie nilikuta sisimizi wamehamia ndani, mayai na kila kitu. Mfuniko ungefungika vipi?

Duka_la_Mkomani
Angalieni na betri. Mteja aliuziwa CR2025 badala ya CR2032. Volti ni 3 zote, lakini moja ina unene wa milimita 2.5 na nyingine 3.2. Ilipocheza akajaza karatasi ya sigara chini yake, mfuniko ukakataa kukaa, tampa ikaanza. Kumbe dawa ndiyo iliyoleta ugonjwa.

Jamaa_Silversands
Mnajisumbua. Tia gundi kile kitufe kibaki kimebanwa milele.

Fundi_Mtangani
Sikubaliani, bwana. Mchana ulinzi umezimwa, mafundi wa rangi na wafagiaji wanaingia na kutoka. Mtu akiifungua sensa saa hiyo aichezee ndani, kitakachokuambia ni tampa peke yake. Ukiigandisha umemfungulia mlango. Springi ikiwa imekufa, nunua sensa mpya uisajili kwenye paneli.

Mlinzi_Casuarina
Nimebana kwa kidole, ujumbe umeondoka. Springi ina kutu kweli. Naweza kuipaka mafuta ya kupikia?

Fundi_Mtangani
La hasha! Yananata na kuvuta vumbi. Isugue taratibu kwa brashi ya meno kavu, umalizie kwa pamba na spiriti. Ikikaza tena, ibadilishe.

BintiShela
Na ile ya waya, inayopiga tampa mvua ikinyesha tu?

Fundi_Mtangani
Hapo fungua kisanduku cha maungio ya waya kwanza, dada, unyevu hupenda kukaa humo. Tuma picha.