Ukoo wa Mzee Bakari: gemu la Idi linakwama

*Ijumaa, saa 2:05 usiku*

Idi: Shikamooni wote. Kaka Mudi, ukipata nafasi nisaidie. Lile gemu la mbio za magari kwenye kompyuta yangu ya kubeba limenishinda. Naanza vizuri, dakika kumi hivi, halafu linakwamakwama. Nikikata kona, nakuja kushtukia gari liko ukutani.

Zuhura: Kweli jamani. Jana alikuwa wa pili, mara simuoni tena.

Mjomba Seif: Marahaba mjomba. Hilo ni bando tu, badilisha laini. Au kama mashine imechoka semeni, mwisho wa mwezi nitoe hela ya RAM, ile memori ya kompyuta.

Mudi: Marahaba mdogo wangu. Shikamoo mjomba. Tafadhali tusinunue kitu kwanza, tupime. Watu wanaita yote "lagi", kumbe ni maradhi mawili. Mtandao ukiwa mzito, gari lako linakwenda laini ila ya wenzako ndiyo yanarukaruka, yanapotea hapa yanaibukia kule. Mashine ikizidiwa, kioo kizima kinakwama: miti, barabara, hata menyu. Kwako ni ipi?

Idi: Kioo kizima.

Mudi: Basi zima waifai, cheza mbio za mazoezi peke yako robo saa. Likikwama na hapo, bando halihusiki.

*Saa 2:41*

Idi: Limekwama vilevile. Dakika ya 11.

Mjomba Seif: Kwa hiyo ni RAM.

Mudi: Bado mjomba. Idi, gemu likiwa wazi bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, niambie memori imetumika kiasi gani.

Idi: GB 9 kati ya 16.

Mudi: Inatosha, mjomba hela yako kaa nayo. Zile dakika kumi ndizo zinanipa jibu. Ingekuwa mashine haina uwezo, ingekwama tangu mstari wa kuanzia. Ikianza vizuri halafu ikalegea, mara nyingi ni joto. Pakua HWiNFO, programu ya kupimia joto na kasi, ni ya bure. Ikianza kukwama piga picha ya joto la prosesa, ile chipu kuu inayofanya kazi zote, na kasi yake.

Idi: 📷 Nyuzi 98. Kasi ilikuwa GHz 3.8, sasa 1.3.

Mudi: Ndiyo hiyo. Chipu nyingi za Intel za kompyuta za kubeba mwisho wake ni nyuzi 100 hivi. Ikikaribia hapo inajipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua. Sasa fikiria: gemu likitaka picha 60 kwa sekunde, kila picha ina milisekunde 16.7 tu za kuchorwa. Kwa hiyo kasi iliyobaki, haiwahi. Unachezea wapi?

Idi: Kitandani.

Mama: Juu ya blanketi! Juzi nimeishika nikadhani pasi.

Mudi: Mama umesema. Ile inavuta hewa kwa chini, blanketi linaziba matundu yote. Kesho izime kabisa, chomoa chaja, fungua mfuniko wa nyuma. Kabla ya kugusa chochote chomoa waya wa betri. Feni ishikilie kwa kijiti isizunguke, ndipo upulize. Ukiiacha izunguke kwa upepo wa blowa utaiua.

*Jumamosi, saa 5:20 asubuhi*

Idi: 📷 Kaka tazama.

Mudi: Subhanallah. Huo utando ulioganda kati ya feni na yale mapezi ya shaba yanayotoa joto ndio ulioziba. Usipulize tu, ubandue kwa brashi laini ya rangi.

Idi: Umetoka kama sufi ya mto, kipande kizima. Na umeshika unyevu.

Mudi: Hewa ya pwani hiyo. Vumbi likikutana na unyevunyevu wa bahari halipeperuki, linanata. Kila miezi mitatu ufungue, usisubiri ikwame.

*Saa 7:10*

Idi: Nusu saa nzima mezani! Nyuzi 81, kasi haishuki, picha 57 mpaka 60. Alhamdulillah kaka.

Mama: Mungu akuweke Mudi. Blowa ya mama Rehema irudishwe leo.

Zuhura: Sasa mbona usiku kwangu gari lake linaruka kidogo?

Mudi: Hayo ni yale maradhi mengine. Mnachezea seva ya wapi, ile kompyuta kuu inayowaunganisha?

Zuhura: Ulaya.

Mudi: Basi hapo hata mashine ya bei gani haisaidii. Data inasafiri kama mwanga ndani ya waya wa nyuzi za kioo, kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Toka Tanga mpaka London, hata waya ungenyooka, ni zaidi ya kilomita 7,000. Kwenda na kurudi ni milisekunde 70 za njia tupu, bado vituo vya katikati. Tazameni kwenye mipangilio, kama ipo ya Johannesburg chagueni hiyo, wote wawili. Na Idi, ruta iko sebuleni: vuta kebo, waifai ya kupita kuta mbili haitulii.

Idi: Johannesburg ipo. Kebo ninayo ya mita 10.

*Saa 2:30 usiku*

Zuhura: Nimeshaingia. Idi uko wapi? Mbio zinaanza baada ya dakika moja.

Idi: Niko mezani. Nipe sekunde, nasogeza kiti.