"Get" ya Kiingereza: nitajuaje maana ipi inatumika?

Swali: Wakuu, kamusi inanipa "kupata", lakini nakutana na "get cold", "get home", "get paid" na "get him to sign", na kupata hakuingii kabisa. Kuna kanuni au ni kukariri tu?

Jibu la 1: Kanuni ipo, mkuu. Usihangaike na "get" yenyewe, tazama kinachoifuata. Ikifuatwa na nomino ni kupata, kupokea, kununua au kuleta: "I got a letter", nilipokea barua, "get me some water", niletee maji. Kikifuata kivumishi, hali inabadilika: "I was angry" yaeleza hali niliyokuwa nayo, "I got angry" ni pale hasira ilipopanda. Pakifuata mahali ni kufika, na hapa wengi hukosea. "Get to Dodoma" inataka "to", lakini "home", "here" na "there" hapo ni vielezi, haviitaki. "Get to home" ni kosa.

Jibu la 2: Naongezea upande wa vitenzi, maana ndiko kwenye kazi. "Get paid" ni kulipwa. Hapo "get" inabeba ile -w- yetu ya kutendwa. "Get him to sign" ni kumfanya asaini, mara nyingi kwa kumshawishi. Ukiweka "make", "to" inatoka: "make him sign", na mara nyingi kuna kulazimishana.

Halafu kuna kumpa fundi kazi: "I got my phone repaired". Simu lazima itangulie kitenzi. Ukiandika "I got repaired my phone", sentensi imeharibika.

"Get over", "get by" na wenzake hao kariri tu, kila moja na maana yake.

Muuliza: Shukrani sana. Na "gotten"?

Jibu la 1: Hiyo ni ya Marekani. "I've gotten a car", nimepata gari. "I've got a car", ninalo, hata kwao. Uingereza kwa kawaida ni "got" kote. Kwenye barua rasmi punguza "get", tumia "receive", "obtain" au "become".

Jibu la 3: Mtego mmoja haujaguswa. "I got to meet him" ni nilipata nafasi ya kukutana naye. "I've got to meet him" ni lazima nikutane naye. Wakizungumza haraka ile "'ve" humezwa, kwa hiyo sikiliza wakati: ukisikia "yesterday" ni nafasi, ukisikia "tomorrow" ni lazima.